Kuulinda Moyo kwa Kuusimamisha: Elimu Iliyopatikana kwa Mbwa na Mas-ala Yake ya Kifiqhi

UTANGULIZI

Tunapenda katika makala hii kulifafanua jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kijuujuu tu.

Upasuaji wa kufungua moyo siku hizi unafanyika hapa kwetu, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mgonjwa anapoandaliwa, jamaa zake huelezwa na madaktari kwamba moyo wake utasimamishwa kwa muda wa saa moja au zaidi, kisha utaamshwa. Hapo ndipo imamu wa mtaa anapofuatwa na maswali. Je, mtu ambaye moyo wake umesimama ni hai au ni maiti? Ikiwa ni maiti, mkewe ameingia katika eda? Na akiamka, ndoa inahitaji kufungwa upya?

Maswali haya si ya mzaha. Yanatoka katika vinywa vya watu wenye hofu, waliokaa kwenye benchi la hospitali usiku kucha. Anayeyajibu bila ya elimu huenda akamtia mtu katika uzito usiokuwa na msingi, au akawa sababu ya mgonjwa kuikataa tiba ambayo ingemuokoa.

Kwa wanavyuoni ni kanuni inayojulikana kwamba hukumu ya kitu hufuata kukifahamu kitu chenyewe. Basi tutaanza kwa kuufahamu upasuaji huu, na hasa namna misuli ya moyo inavyolindwa wakati moyo umesimama. Kuufahamu huko kutatupeleka mahali ambapo msomaji huenda hakupatarajia, nako ni kwa mbwa. Kwani sehemu kubwa ya elimu hii ilipatikana kwa kuwapasua mbwa katika vyumba vya utafiti, tangu katikati ya karne ya ishirini.

1. MOYO NAO UNAHITAJI KULISHWA

Wengi hudhani kwamba moyo, kwa kuwa umejaa damu, hushiba kwa damu hiyo iliyo ndani yake. Sivyo. Damu iliyomo katika vyumba vya moyo inapita tu. Moyo hulishwa na mishipa miwili midogo inayochipuka kwenye shina la mshipa mkuu wa damu, yaani aorta, kisha ikaenea juu ya moyo na kuzama ndani ya nyama yake.

Jambo hili lilitanabahiwa zamani na mmoja wa wanavyuoni wetu, Alauddin Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288). Alikuwa tabibu na pia mwanafiqhi wa madhehebu ya Imamu Shafi, akisomesha katika madrasa ya Masruriyya. Katika sherehe yake ya elimu ya viungo iliyomo ndani ya Qanun ya Ibn Sina, alimkhalifu Ibn Sina na akabainisha kwamba moyo hupata chakula chake kwa mishipa iliyoenea katika mwili wake. Huyu ndiye pia aliyebainisha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, ndipo ikafika upande wa kushoto.

Ama mahitaji ya moyo ni makubwa. Moyo unaofanya kazi yake ya kawaida hutumia kiasi cha mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa kila gramu 100 za nyama yake, kila dakika, na akiba yake ni ndogo mno. Utafiti uliofanywa kwa mbwa umeonyesha kwamba mshipa unaoilisha sehemu ya moyo ukizibwa katika joto la kawaida la mwili, kwa dakika 15 hivi madhara bado hurekebishika. Zikipita dakika 20, seli huanza kufa, na iliyokufa hairudi.

2. KHATARI IKO WAPI?

Mpasuaji anayetaka kuziba tundu au kurekebisha vali ndani ya moyo anahitaji mambo mawili: moyo uliotulia, na uwanja usio na damu. Yote mawili yanapingana na maumbile ya moyo.

Suluhisho la kwanza lilikuwa mashine ya moyo na mapafu, inayoipokea damu kutoka mwilini, ikaipa oksijeni na kuirudisha. John Gibbon aliijaribu kwa miaka mingi juu ya paka na mbwa, na tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani, aliitumia kwa mafanikio kwa msichana wa miaka 18.

Lakini hapa pana jambo la kuzingatia. Mashine inaulisha ubongo, figo, ini na viungo vyote, isipokuwa moyo wenyewe. Ili damu isiingie katika uwanja wa kazi, mpasuaji huibana aorta kwa koleo juu kidogo ya pale mishipa ya moyo inapochipukia. Basi yule aliyekuwa akiwalisha wote, sasa ndiye pekee anayebaki na njaa.

Njaa hii ina madhara ya namna mbili. Kwanza, seli zikiishiwa na nguvu, tindikali hujaa ndani yake na kalsiamu huingia bila ya kizuizi, misuli ikajikaza isiweze kulegea. Mwaka 1972 Denton Cooley wa Houston na wenzake waliieleza hali hii wakaiita moyo wa jiwe: moyo ulioingia mkononi mwa daktari ukiwa laini na ukaishia kuwa mgumu usiopiga tena. Pili, hata damu inaporudishwa, kurudi kwake kwa ghafla kwenye seli iliyodhoofika huweza kuzidisha madhara, mfano wa mtu aliyeshinda njaa siku nyingi akapewa mlo mzito kwa mara moja.

Kwa hiyo mas-ala yote ya kuilinda misuli ya moyo yanarejea kwenye swali moja: vipi tutaupunguzia moyo njaa kwa muda ambao hatuwezi kuulisha?

3. ULINZI WA KWANZA: BARIDI

Jibu la mwanzo lilikuwa baridi, kwani kila kiumbe kinapopoa mahitaji yake hupungua. Wilfred Bigelow wa Toronto, Kanada, aliwatia mbwa usingizi na kuwapoza mpaka nyuzi 20 za sentigredi, akasimamisha mzunguko wa damu kwa dakika 15, kisha akawapasha joto. Mwaka 1950 alitangaza kwamba baadhi yao walirudi katika hali ya uzima. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Septemba 1952, F. John Lewis wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliitumia njia hiyo kwa mtoto wa kike wa miaka mitano. Alipozwa mpaka nyuzi 28, na katika dakika tano na nusu tundu la moyo wake likazibwa.

Baridi ya mwili mzima ilikuwa na mpaka wake. Joto likishuka zaidi, moyo huanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Ndipo, kuelekea mwaka 1960, Norman Shumway wa Chuo Kikuu cha Stanford akaushughulikia moyo peke yake, akiuogesha kwa maji baridi ya chumvi huku mwili ukilishwa na mashine. Njia hii ya kuupoza moyo wenyewe haijaachwa mpaka leo.

4. ULINZI WA PILI: KUUSIMAMISHA KWA POTASIAMU

Baridi hupunguza njaa, lakini moyo unaoendelea kupiga, hata polepole, bado unafanya kazi. Ikaonekana kwamba kazi yenyewe ndiyo mlaji mkubwa. Basi kwa nini usisimamishwe kabisa?

Ili tufahamu namna ya kuusimamisha, tuchukue mfano. Seli ya moyo ni kama nyumba yenye milango midogo mingi. Ndani yake potasiamu ni nyingi na nje ni kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa seli chaji yake kama betri. Kila pigo huanza pale milango ya sodiamu inapofunguka kwa ghafla. Milango hiyo ikishafunguka hujifunga, na haikubali kufunguka tena mpaka chaji irejee mahali pake. Sasa potasiamu ikizidishwa nje, chaji hairejei, milango inabaki imefungwa, na pigo jipya haliwezi kuanza. Moyo unalala ukiwa umelegea, haukukakamaa. Maji ya dawa yanayofanya kazi hii huitwa kadioplejia.

Aliyeianza njia hii kwa wapasuaji ni Denis Melrose wa London, mwaka 1955, baada ya majaribio juu ya wanyama. Alitumia sitreti ya potasiamu, na moyo ukasimama kama alivyotaka. Furaha haikudumu. Ilibainika kwa wanyama na kwa wagonjwa kwamba sehemu za misuli zilikuwa zikifa, na ilipofika mwaka 1960 hivi njia hiyo ikaachwa karibu kila mahali.

Ilibidi zipite zaidi ya miaka kumi mpaka sababu ijulikane vizuri. Damu ya kawaida ina milimoli 4 au 5 tu za potasiamu kwa lita, na dawa ya Melrose ilikuwa kali kuliko hivyo kwa mara nyingi sana. Mwaka 1973 William Gay na Paul Ebert wa New York waliirudia rai ile kwa mbwa, wakitumia potasiamu hafifu zaidi, moyo ukasimama kwa saa nzima kisha ukaamka bila ya vifo vile vya seli. Wakati huohuo Hans Bretschneider wa Ujerumani alikuwa amefuata njia nyingine tangu miaka ya 1960, ya kupunguza sodiamu na kalsiamu katika maji ya dawa. Na katika hospitali ya St Thomas' ya London, David Hearse na Mark Braimbridge, wakianzia na mioyo ya panya, walitengeneza dawa yenye potasiamu na magnesiamu iliyoanza kutumika kwa wagonjwa katikati ya miaka ya 1970.

Hapa mwanafunzi wa elimu apate faida. Asili ya Melrose ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa katika kiasi. Waliomfuata wangeitupa asili pamoja na kosa, elimu hii ingepotea. Ni mara ngapi sisi nasi tunaitupa rai nzima ya mwanachuoni kwa kuteleza kwake katika tawi moja?

Faida ya kuusimamisha moyo ilipimwa kwa mbwa na Gerald Buckberg na wenzake wa Los Angeles katika miaka ya 1970. Moyo mtupu unaopiga hutumia kiasi cha mililita 5.6 za oksijeni kwa gramu 100 kwa dakika. Ukisimamishwa kwa potasiamu katika joto la kawaida, hushuka mpaka kama 1.1. Ukisimamishwa na kupozwa mpaka nyuzi 22, hushuka mpaka kama 0.3. Yaani kusimama kunaondoa sehemu kubwa ya njaa, na baridi inakamilisha.

5. ULINZI WA TATU: DAMU YENYEWE

Kisha likaja swali: ikiwa dawa inapelekwa kwenye mishipa ya moyo, kwa nini ipelekwe na maji matupu, wakati damu inabeba oksijeni na inaweza kuizima tindikali? Mwaka 1978 kundi hilohilo la Los Angeles lilieleza, kwa majaribio juu ya mbwa, ubora wa kuichanganya kadioplejia na damu. Kwa kawaida huwa ni sehemu nne za damu kwa sehemu moja ya dawa, na hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu moyo hupata joto tena na dawa huoshwa. Huingizwa kwenye shina la aorta, au kwa njia ya kinyume, kupitia mshipa unaoirudisha damu kutoka kwenye misuli ya moyo. Njia hii hufaa pale mishipa ya mbele ilipoziba.

Ipo nyingine iliyotengenezwa Pittsburgh, Marekani, na Pedro del Nido na wenzake kwa ajili ya mioyo ya watoto wachanga. Hii imegeuza hesabu, sehemu moja ya damu kwa nne za maji ya dawa, ikaongezwa lidokeni na magnesiamu, na dozi moja huweza kutosha kwa zaidi ya saa moja. Baadaye imeenea hata kwa watu wazima.

Kazi ikimalizika, koleo hufunguliwa, damu yenye joto huingia na kuiosha potasiamu. Moyo huanza kupiga wenyewe, au husaidiwa kwa mshituko mdogo wa umeme.

6. MBWA SI BINADAMU: QIYASI YENYE TOFAUTI

Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer wa Chuo Kikuu cha Duke waliona kwa mbwa jambo la ajabu. Waliuziba mshipa mmoja wa moyo kwa dakika tano na kuufungua kwa dakika tano, mara nne, kisha wakauziba kwa dakika 40. Ungetarajia madhara yaongezeke. Kinyume chake, sehemu iliyokufa ilikuwa kiasi cha robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoeshwa. Moyo ulioonjeshwa njaa kidogo ulikuwa umejiandaa kwa njaa kubwa.

Watu wakafurahi, wakataka kuliingiza jambo hili hospitalini kwa njia nyepesi, nayo ni kuukaza na kuulegeza mkono wa mgonjwa kwa mkanda wa kupimia presha kabla ya upasuaji. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza na moja la Ujerumani, kila moja likiwa na zaidi ya wagonjwa 1,300. Faida iliyotarajiwa haikuonekana.

Aliyesoma usuli wa fiqhi hatashangaa, kwani anajua kwamba qiyasi ikiwa na tofauti yenye athari baina ya asili na tawi, hukumu haivuki. Mbwa wa maabara kwa kawaida ni kijana na mzima, na mgonjwa wa hospitali mara nyingi ni mzee mwenye sukari na presha, tena anatumia dawa nyingi. Kisha moyo wa mbwa una vijia vya akiba vinavyounganisha mshipa na mshipa, vingi kuliko vya nguruwe, na kiasi chake hutofautiana baina ya mbwa na mbwa. Ndiyo maana watafiti wengi wamehamia kwa nguruwe. Mnyama anaonyesha njia, lakini hathibitishi mpaka ijaribiwe kwa uangalifu kwa yule inayekusudiwa.

7. MBWA ANAPOPASULIWA KWA AJILI YAKE MWENYEWE

Elimu hii imezunguka mpaka ikawarudia wenyewe. Mbwa wa aina ndogo hupatwa sana, uzeeni, na ugonjwa wa kulegea kwa vali ya kushoto ya moyo. Masami Uechi wa Japani na wenzake walieleza mwaka 2012 kuhusu mbwa 48 wa aina hiyo waliorekebishwa vali kwa msaada wa mashine ya moyo na mapafu baina ya 2006 na 2009, na wengi wao walirudi nyumbani wakiwa hai. Kazi hii ni nzito, kwani mbwa wa kilo chache ana damu kidogo, mirija ya mashine ikaweza kuizimua kupita kiasi, na moyo wake unataka kadioplejia ileile iliyotafutwa kwa mababu zake.

8. MAS-ALA MATATU YA KIFIQHI

Mas-ala ya kwanza: Je, aliyesimamishwa moyo amekufa?

Tunasema: hapana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tatu mjini Amman, mwezi wa Safar 1407 (Oktoba 1986), lilieleza kwamba mtu huhesabiwa amekufa kisheria ikiwa moyo na pumzi zake zimesimama kabisa na madaktari wakahukumu kwamba kusimama huko hakuna kurejea, au ikiwa kazi zote za ubongo zimekoma namna isiyo na kurejea. Wapo wanavyuoni waliokhitilafiana nalo katika hilo la ubongo, lakini khilafu hiyo haigusi mas-ala yetu. Katika upasuaji moyo umesimamishwa kwa makusudi na kwa muda, ubongo unalishwa na ni hai, na mzunguko wa damu unaendelea kwa mashine. Na kusimama kwenyewe, kama tulivyobainisha, ndiko kunakouhifadhi uhai wa misuli ya moyo.

Wanavyuoni wetu wa zamani pia walisema kwamba aliyezimia ghafla na mauti yake yakatiliwa shaka, asizikwe mpaka yakini ipatikane. Uhai ni yakini, na yakini haiondoshwi kwa shaka. Basi hakuna eda, hakuna mirathi, ndoa iko palepale, na wala hakuna ufufuo katika kuamka kwake.

Mas-ala ya pili: Twahara ya anayewashughulikia mbwa.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi mbwa ni najisi, na kinachoguswa naye pamoja na umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Katika kauli mashuhuri ya Imamu Malik mbwa aliye hai ni twahara. Mwanafunzi wa udaktari wa wanyama avae glavu na nguo za kazi, aswali kwa nguo nyingine, na asiiache elimu kwa sababu hii.

Wala tusichanganye najisi na kutokuwa na haki. Mafaqihi wetu haohao wa Kishafi wamesema kwamba mwenye maji machache yanayohitajiwa na mnyama mwenye heshima aliyeshikwa na kiu, akiwemo mbwa wa manufaa asiye mkali, atatayamamu na maji atamwachia mnyama. Na imethibiti kwa Bukhari na Muslim kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa kwa hilo.

Mas-ala ya tatu: Je, inajuzu kuwafanyia wanyama majaribio haya?

Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kwa ajili ya maslahi ya kweli ya tiba, kwa masharti: pawe na haja ambayo haitimizwi kwa njia nyingine, mnyama atiwe usingizi asihisi maumivu, asipasuliwe kwa mchezo au kwa kurudia lililokwishajulikana, na asiachwe akiteseka baada yake. Msingi wake ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na makatazo yake ya kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengwa. Anayezidisha wanyama bila ya haja, au akapunguza dawa ya usingizi ili aokoe fedha, amebeba dhima mbele ya Mola wake, hata kama jina la kazi yake ni utafiti.

KHITIMISHO

Imetubainikia kwamba moyo wa mgonjwa unaposimamishwa kwa kadioplejia, baridi na damu, haukuachwa ufe. Umelazwa ili usiteketee. Elimu hiyo ililipiwa na viumbe wasioweza kusema, ambao wengi wetu tunawafukuza kwa mawe njiani.

Tunawanasihi maimamu, wanapofuatwa na jamaa wa mgonjwa, wasiharakishe kusema. Wamuulize daktari ni nini kitafanyika, wamwambie mgonjwa kwamba kutafuta tiba hakupingani na kutawakali, wamkumbushe wasia na madeni yake kama anavyokumbushwa kila msafiri, na wamwombee. Ama mkewe, aambiwe kwa maneno mepesi kwamba mumewe yu hai muda wote ule, saa ile moyo unapopumzika kama saa ile unapopiga.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.